Msiseme "Ni Mdogo, Atasahau"



Leo sina mapishi, sina mitindo ya piko wala rangi za shela. Leo nimekuja na ugomvi. Atakayeudhika anisamehe, lakini asome mpaka mwisho kabla hajanijibu.

Majuzi nilikuwa kwenye nyumba ya harusi, siku ya kumtia hina bi harusi. Watoto wamejaa ukumbini, wanakimbizana, wanaiba visheti, wanakanyaga mikeka. Mmoja tu alikaa pembeni, kashika ncha ya buibui la bibi yake. Umri wake miaka miwili na miezi. Hachezi, haombi, halii. Kila anayepita anamsifu: "Mashaallah, huyu mtulivu, hana usumbufu."

Nikauliza habari zake, nikapewa. Mama yake kaachwa. Mtoto alichukuliwa angali ananyonya, akavushwa bahari kupelekwa kwa mama wa baba. Mwanzo alikuwa akilia usiku kucha na kwenda mlangoni kila ukigongwa. Kisha akawa halii tena, kakaa tu. "Sasa kazoea," nikaambiwa. Na mama yake? Alikuja kumwona mara moja, mtoto akamgeuzia uso, hakutaka hata kubebwa. "Kamsahau!" wakasema, na wapo waliocheka.

Mimi sikucheka. Kwa sababu mtoto yule hajazoea, wala hajasahau. Mtoto yule ameumia, na sisi tulikaa pale na visheti vyetu tukiyasifu maumivu yake kuwa ni adabu.

Alichofanya mtoto yule kinajulikana

Mwaka 1969 huko Uingereza, mume na mke, James na Joyce Robertson, walitoa filamu ya mtoto wa kiume wa miezi 17. Mama yake alikuwa hospitali akijifungua, na mtoto akawekwa kwenye nyumba ya kulelea watoto kwa siku 9. Siku tisa tu. Hakupigwa, hakulala njaa. Walezi walikuwa wapole, lakini walikuwa wakibadilishana zamu, na hakuna aliyekuwa wake. Siku za mwanzo alijaribu kujipendekeza kwa huyu na yule apate wa kumshika. Kisha akalia. Kisha akaacha kula, akawa analala chini kakumbatia mdoli mkubwa. Mama yake alipokuja kumchukua, mtoto alilia, akajinyonga mikononi mwake na kumkataa.

Mnaisikia? Ni hadithi ile ile ya nyumba ya harusi, ila yetu ni ya miezi, si ya siku tisa.

Robertson alifanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, na kutokana na watoto kama hao walieleza hatua tatu anazopita mtoto mdogo akitengwa na mama yake bila ya kupata mwengine wa kumshika. Kwanza anapinga: analia, anatafuta, anagonga mlango. Pili anakata tamaa: ananyamaza, anadhoofika, hataki kucheza. Tatu anajitenga: anaonekana mzima, anakubali kubebwa na yeyote, lakini mama akirudi anamtazama kama mpita njia. Hatua hii ya tatu ndiyo wakubwa wanayoiita "kazoea". Ni ile hatua mbaya kuliko zote, na ndiyo tunayoshangilia.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tunaitumia methali hiyo kwa mke mwenza na kwa jirani. Kwa mtoto mchanga hatuikumbuki.

"Hajui kitu" ni uongo

Nani aliyesema mtoto mdogo hajui? Kama hajui, mbona akisikia sauti ya mama yake kutoka uani anageuza shingo? Kama hana kumbukumbu, mbona aliyechomwa sindano mara moja akimwona mtu wa koti jeupe anajificha chini ya kanga?

Mwaka 1988 daktari wa Marekani, Lenore Terr, alichapisha uchunguzi wa watoto 20 waliopatwa na mambo mazito kabla hawajatimia miaka mitano, mambo ambayo yalikuwa na ushahidi wa nje. Waliokuwa wadogo sana, chini ya miaka miwili na nusu au mitatu hivi, mara nyingi hawakuweza kusimulia kilichowapata. Lakini walikionesha: katika michezo yao, katika vitu walivyoviogopa, katika namna miili yao ilivyoshtuka. Ulimi haukuwa na maneno, mwili ukashika zamu.

Sisi wa visiwani tungepaswa kuyajua haya kabla ya madaktari wa Marekani. Septemba 10, 2011 ilizama Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba. Julai 18, 2012, hata mwaka haujatimia, ikazama Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Mamia ya watu walikufa, na wengi walikuwa ni kina mama na watoto. Tukasoma hitma, tukachanga, tukalia pamoja, Allah awarehemu wote. Lakini mtoto wa miaka mitatu ambaye mama yake hakurudi, nani alikaa naye chini akamwambia kilichotokea? Wengi waliambiwa "mama kasafiri". Mtoto akakaa kusubiri safari isiyo na kurudi, na kila mtu akaona fahari kwamba "hajui kitu".

Na si bahari tu. Mtoto aliyeko mgongoni mwa mama anayepigwa, naye kapigwa. Mtoto aliyeungua kwa maji ya moto akashikwa na watu wanne asafishwe kidonda huku mama katolewa nje. Mtoto aliyechezewa na mtu wa nyumbani, kisha wakubwa wakaambizana "anyamaziwe, atasahau, tusivunje udugu". Haya yote yako kwenye mitaa yetu, na jibu letu kwa yote ni hilo hilo moja: ni mdogo.

Madaktari wa akili wamekwishalitoa jibu hilo shimoni. Tangu mwaka 2013 kitabu kikuu cha Marekani cha kutambua maradhi ya akili kina vigezo maalumu vya ugonjwa wa kiwewe kwa watoto wa miaka 6 na chini ya hapo. Vimewekwa mbali na vya wakubwa kwa sababu mtoto hawezi kueleza, lazima asomwe kwa vitendo.

Basi msomeni

Mtoto mchanga aliyepata kiwewe hulia asibembelezeke, au kinyume chake akalegea na kutazama tu. Hushtuka kwa kishindo kidogo. Ziwa analikataa, usingizi unakatika katika.

Wa mwaka mmoja mpaka mitatu hurudi nyuma. Alikuwa keshaacha kukojoa kitandani, anaanza tena. Alikuwa na maneno, yanapotea. Anaganda kwa mtu mmoja mpaka hata chooni amfuate, au anamkumbatia kila mgeni bila ya kuchagua. Anapiga, anauma, anajitupa chini.

Wa mitatu mpaka sita huota ndoto mbaya, na hucheza mchezo mmoja tu mara mia: chombo kinazama, chombo kinazama, chombo kinazama, na hauonekani kumfurahisha. Na lililo zito zaidi, hudhani kosa ni lake. Baba kaondoka kwa sababu mimi nilimwaga chai.

Dalili zikizidi mwezi, zikawa zinamzuia kula, kulala na kucheza, hilo si kudeka. Na kabla ya yote mpelekeni hospitali apimwe, maana homa, sikio na minyoo navyo hubadilisha tabia ya mtoto. Mkiambiwa mwili ni mzima, msirudi nyumbani mkasema "basi ni ukaidi" na kushika bakora. Ukimpiga mtoto aliyejaa hofu umemthibitishia kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

Msiuingize Uislamu katika jambo hili

Hapa ndipo panaponikera hasa. Mtoto akinyang'anywa mama yake tunaambiwa "ndiyo sheria, mtoto wa baba". Sheria ipi?

Mtoto ana nasaba ya baba, na matumizi yake ni juu ya baba. Hayo sawa. Lakini ulezi wa mtoto mdogo, hadhana, katika madhehebu yetu ya Shafi ni haki ya mama kwanza mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, kiasi cha miaka saba, kisha huachiwa achague. Mama akiolewa na mume asiye ndugu wa mtoto, au akikosa sharti jengine, zamu haikimbilii kwa baba wala kwa mama yake. Inakwenda kwa mama wa mama. Katika Abu Daud imepokewa kwamba mwanamke alimwendea Mtume swalla Llahu alayhi wasallam, akalalamika kuwa aliyemwacha anataka kumnyang'anya mtoto aliyembeba tumboni na kumnyonyesha, na Mtume akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Na Suratul Baqara, aya ya 233, inayozungumzia kunyonyesha miaka miwili, inakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe.

Basi mavyaa anayemchukua mtoto anayenyonya ili "kumtia adabu" mwanamke aliyeachwa, hafuati sheria. Anafuata hasira yake, na kuifunika kanzu.

Tazameni na mwenendo wa Mtume mwenyewe. Alikuwa akisikia mtoto analia nyuma ya safu, anaifupisha sala kwa kumhurumia mama yake. Sala, nguzo ya dini, inafupishwa kwa kilio cha mtoto! Sisi kilio hicho hicho tunakifungia mlango ili "asizoee kubebwa". Alimbeba Umama, mjukuu wake, ndani ya sala. Alimkuta Abu Umayr, mtoto mdogo, ana huzuni kwa kufa kindege chake, akamuuliza habari za kindege hicho kwa jina. Hakumwambia "nyamaza, ni ndege tu". Na safari moja masahaba walichukua makinda, mama ndege akawa anapapatika juu yao. Mtume akauliza nani aliyemtia uchungu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Ikiwa ndege anarudishiwa makinda, mwanamke wa Kiislamu wa Unguja na Pemba ana kosa gani?

Na mama yake Musa alayhis salaam? Moyo wake ulibaki mtupu. Mtoto naye akawakataa wanyonyeshaji wote, mpaka Allah akamrudisha kwa mama yake ili jicho lake litulie. Tunaisoma kisa hiki kila mwaka, na hatuoni kwamba ndani yake yumo mtoto mchanga aliyejua nani ni wake.

"Ni shetani" na "sisi tulilelewa hivyo hivyo"

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: mtoto akiamka usiku akipiga kelele, huyo kachezewa, apelekwe kwa mganga.

Sikatai kumsomea mtoto. Mtume aliwasomea kinga wajukuu wake Hassan na Hussein, nasi tuwasomee wetu, kila asubuhi na kila jioni, kwa sauti ya upole huku tumewapakata. Lakini msomeeni na muondoeni penye hatari. Ukimsomea Ayatul Kursiy kisha ukamrudisha chumba kimoja na anayemtisha, umefanya nini? Dua na sababu huenda pamoja. Kama ni kufukiziwa moshi na kushikwa kwa nguvu na mtu asiyemjua, basi mtoto aliyekuwa na hofu moja sasa anazo mbili.

La pili: "Sisi tulipigwa, tulitengwa, tulitishwa na mazimwi, na leo tu wazima." Shoga yangu, kweli tu wazima? Yule asiyeweza kulala mume akichelewa nusu saa. Yule anayempiga mwanawe kisha akajifungia chooni kulia. Yule anayeganda mwili mzima akisikia mlango unafungwa kwa nguvu. Tumepona kwa rehema za Allah, na wengi tulipona kwa sababu palikuwa na mtu mmoja, shangazi, bibi, mwalimu wa chuoni, aliyetushika. Haikuwa bakora iliyotuponya.

Tiba ipo

Nisingeandika haya yote kama hakuna la kufanya. Lipo, na mengi yake hayahitaji pesa.

La kwanza ni usalama. Hakuna tiba inayofanya kazi huku kinachoumiza kinaendelea. Penye kupigwa au kuchezewa, mtoto aondoshwe, na habari ifikishwe. Simu ya bure ya 116 ni ya watoto, na vituo vya Mkono kwa Mkono vipo visiwani kwa mambo haya. Kunyamaza kwa ajili ya udugu ni kuchagua mkubwa dhidi ya mdogo.

La pili ni mtu wake. Dawa kubwa ya mtoto mdogo ni mtu mmoja anayemjua, ambaye habadiliki. Kama ametengwa na mama, arudishwe. Na akirudi akamkataa, mama asivunjike moyo wala asimlazimishe. Akae karibu yake siku baada ya siku, amwoshe, amlishe, alale naye. Hasira ile ni mlango wa mapenzi, itafunguka.

La tatu ni ukweli wa maneno madogo. "Mama amekufa. Kufa maana yake hawezi kurudi. Si kosa lako. Mimi nipo hapa." Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyabeba maneno hayo kuliko safari isiyo na mwisho. Atauliza tena kesho, mjibu tena.

La nne ni mpango wa siku: kula, kuoga, kusomewa, kulala kwa saa zile zile na kwa nyimbo zile zile. Kwa mtoto aliyepinduliwa dunia, jambo linalojirudia ni nchi kavu.

La tano ni mchezo. Akicheza chombo kinazama, usimkataze. Kaa naye, taja unachokiona: "Watu wameingia maji. Wanaogopa." Kisha taratibu mtilie boti la kuokoa.

La sita ni mama mwenyewe. Mtoto mdogo huutazama uso wa mama yake kujua kama dunia ina salama. Mama aliyeachwa, aliyefiwa, anayepigwa, naye ana jeraha, na kumwambia "jikaze" si tiba. Marekani daktari Alicia Lieberman na wenzake walitengeneza tiba ya mama na mtoto pamoja kwa walio chini ya miaka sita: wanakaa chumba kimoja na mtaalamu kila wiki, kiasi cha mwaka mzima, mtoto anacheza, na mama anasaidiwa kuusoma mchezo ule na kulisema lililotokea. Anayetibiwa ni uhusiano wao.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Moshi, hapa hapa Tanzania, na Bungoma huko Kenya, ilifanyiwa majaribio tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi, wa miaka 7 mpaka 13. Watoto 640, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Ikiwa kwa wale wakubwa kidogo imewezekana, kinachotuzuia kuwafundisha wakunga, walimu wa maandalizi na walimu wa vyuo wetu wa Unguja na Pemba kwa ajili ya hawa wadogo ni nini, kama si ile imani kwamba hawajui kitu?

Kwako, bi harusi

Kungwi atakufundisha mengi wiki hii: udi, asumini, namna ya kutandika, namna ya kumpokea mume. Ni mazuri, yashike. Lakini nakuhakikishia hatakufundisha kwamba mtoto atakayezaliwa humo ndani atasikia kila kishindo.

Basi muulize mumeo mtarajiwa kabla ya ndoa, mbele ya wazee: tukikorofishana, mtoto atatumiwa kuwa fimbo? Likubalianeni sasa, mkingali mnapendana. Na kama unaolewa na mwanamme mwenye mtoto kwa mke wa kwanza, usiwe wewe sababu ya mtoto yule kukatwa na mama yake. Mtoto wa mwenzio akikuuma leo, jua mwanzo aliumwa yeye.

Nanyi mama zangu, mavyaa zetu mlioko mbarazani, siandiki kukuvunjieni heshima. Nyinyi ndio mnaoweza kuyamaliza haya kwa neno moja. Siku mwanao atakapokuja na mtoto anayelia mkononi na kusema "mlee huyu, mama yake simtaki", mwambie: "Mrudishe kwa mama yake. Mjukuu wangu nitamwona huko huko."

Udongo uwahi ungali maji. Ole wetu tukisubiri ukauke, kisha tulalamike kwamba chungu kina ufa.

Allah atulindie watoto wetu, na mtoto yule wa nyumba ya harusi amrudishie aliye wake. Wabillahi tawfiq.